Kufua zulia nyumbani lisinuke: mwongozo kamili

Malalamiko ni yale yale kila mara. Zulia limefuliwa Jumamosi, sabuni haikuhurumiwa, likamwagiwa na dawa ya kunukia, likaanikwa ukutani. Jumatatu limerudi sebuleni linang'aa. Jumatano mgeni anaingia, anakunja pua kwa adabu. Mwenye nyumba ananunua sabuni kali zaidi, anafua tena, na harufu inarudi na nguvu mpya.

Kinachonuka ni sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi na maji yaliyobaki mgongoni mwa zulia. Ndiyo maana katika hatua hizi kufua kwenyewe ni aya mbili tatu, na kutoa maji kumechukua nafasi kubwa. Nilijifunza kwa hasara: niliwahi kufua zulia la manyoya mwezi wa Aprili hapa Dar es Salaam, mvua ikanishika siku tatu mfululizo, na nyumba ikanuka kama zizi la mbuzi walionyeshewa.

Vipimo nitakavyotoa ni vya zulia la futi 5 kwa 8, yaani karibu mita 1.5 kwa 2.4. Lako likiwa kubwa zaidi, ongeza maji na watu.

## Andaa hivi kabla hujagusa zulia

- Maji: kama huna mpira wa bombani, ndoo kumi za lita 20 zisipungue.
- Sabuni ya maji, ile ya vyombo au ya nguo laini. Kwa sufu, sabuni ya maji ya sweta au shampuu ya kawaida.
- Siki nyeupe, nusu lita.
- Brashi ya nyuzi laini. Ya chuma iache, na fagio la chelewa libaki la uani.
- Ule mpira wa kusukumia maji sakafuni, wenye mpini mrefu.
- Vitambaa vyeupe vya pamba viwili au vitatu. Vya rangi vitakuchanganya wakati wa kujaribu rangi.
- Fimbo laini, au mashine ya kufyonza vumbi kama unayo.
- Mahali pa kufulia penye mteremko na sakafu safi ya saruji.
- Mahali pa kuanikia: nguzo mbili sambamba au meza mbili. Kamba ya nguo haitoshi.
- Mtu wa pili. Lita moja ya maji ni kilo moja. Zulia lililobakiza lita 20 limeongezeka kilo 20, na mgongo wako haujaongezeka kitu.

## Hatua ya 1: Jua zulia lako ni la nini

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo mazulia mengi yanapoharibikia. Muuzaji atakwambia "hili la manyoya", "hili la Kituruki". Hayo ni maneno ya sokoni. Hayakwambii uzi ni wa nini.

Geuza zulia uangalie mgongo. Ukiona ua lile lile la juu limejitokeza na nyuma, hilo limefumwa, na linavumilia maji vizuri. Ukiona nyuma pamefunikwa kitambaa cha gunia au mpira, basi nyuzi zimeshikiliwa kwa gundi katikati ya tabaka mbili. Hilo halipendi kulowekwa wala maji ya moto. Gundi ikilegea, mgongo unaachana na uso, na utaanza kuokota unga kama mchanga sakafuni.

Sasa uzi. Chomoa nyuzi mbili tatu pembezoni, zishike kwa kibanio cha nyusi juu ya sahani, uwashe kiberiti.

- Ukinuka nywele zilizoungua, moto ukajizimia wenyewe, na jivu likasagika vidoleni: sufu.
- Ukinuka karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu: pamba, juti, mkonge, au viskosi, ile inayong'aa kama hariri.
- Ukiyeyuka na kuacha tone gumu: plastiki ya aina fulani. Usiliguse tone hilo likiwa la moto, linagandia ngozini.

Mazulia mengi madukani kwetu ni ya kundi hili la tatu. Kutenganisha aina zake, tia uzi mwingine, ambao haujaungua, kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, uuminye chini kwa kijiko ili hewa itoke. Ukielea ni polipropilini. Ukizama, mara nyingi ni poliesta au nailoni. Tone la sabuni ni la lazima, kwani bila hilo hata uzi mzito unaweza kukaa juu ya maji ukakudanganya.

Onyo. Ikiwa ni mkonge, juti au viskosi, ishia hapa. Mkonge na juti zikilowa zinajikunja na kutoa madoa ya kahawia. Viskosi inapoteza nguvu na manyoya yake hayasimami tena. Hayo ni ya kufyonza vumbi na kupangusa doa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Zulia lililofungwa mafundo kwa mkono, la Kiajemi kwa mfano, lipeleke kwa mtu anayeyajua.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Langu ni polipropilini, limefumwa."

## Hatua ya 2: Chagua siku, na uwe mkali

Zulia lililolowa halipaswi kuvuka saa 48 bila kukauka, kwa sababu ndani ya siku moja au mbili ukungu unaanza kuota. Muda huo unahesabika tangu ndoo ya kwanza.

Kwa pwani, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam pamoja na Zanzibar, masika ya Machi hadi Mei usifue kabisa, na vuli ya Oktoba hadi Desemba fua kwa kuvizia. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenyewe: mvua kidogo, upepo wa kusi unapuliza. Januari na Februari nayo inafaa. Walioko Nairobi na nyanda za juu za Kenya wasiifuate hesabu yangu ya Julai. Kwao ni baridi na mawingu, bora wangoje Januari.

Anza saa 1 asubuhi. Anayeanza saa 6 mchana kwa kuwa jua ndilo limewaka atakuwa anasuuza wakati jua linaondoka.

## Hatua ya 3: Toa vumbi likiwa kavu

Vumbi likikutana na maji linakuwa tope, na tope likishuka kwenye shina la nyuzi hata ndoo ishirini hazilitoi. Ukibana hapa utalipa kwenye hatua ya kusuuza.

Tundika zulia uso ukiwa ndani, upige mgongoni kwa fimbo laini. Vumbi lililojikita chini linatoka kwa kupita usoni. Kisha lilaze, ufyonze au ufagie kufuata manyoya yanakolalia. Rudia. Ninachofanya mimi ni kutandika shuka kuukuu chini wakati wa kupiga. Mara ya kwanza shuka inajaa mchanga kiasi cha kutia aibu.

Umefaulu ikiwa unapiga na shuka inabaki karibu safi.

## Hatua ya 4: Jaribu rangi

Changanya sabuni utakayotumia na maji, lowesha kitambaa cheupe, ukandamize kwenye kona iliyokuwa imefichwa na kochi. Hesabu dakika tano. Fanya hivyo kwa kila rangi, hasa nyekundu na buluu iliyokolea.

Kitambaa kikitoka na rangi, usifue nyumbani. Nyekundu iliyokimbilia kwenye krimu hairudi kwao.

## Hatua ya 5: Shughulikia madoa kabla ya kufua

Kanuni ni kukandamiza kwa kitambaa, kutoka ukingoni mwa doa kuelekea katikati. Ukisugua unalipanua na unayachakaza manyoya, na baadaye doa likishatoka unabaki na kiraka kilichosinyaa.

Damu: maji baridi tu. Ya moto yanaigandisha.

Mafuta ya mchuzi: nyunyiza poda ya mtoto au unga wa muhogo, acha nusu saa unyonye, ufyonze, ndipo utie sabuni ya vyombo. Polipropilini haivuti maji lakini inavuta mafuta, kwa hiyo doa la nazi na samli juu yake linataka subira kuliko juu ya sufu.

Mkojo wa mtoto: siki kwa maji, kiasi sawa kwa sawa, kandamiza, suuza. Ukichelewa ukakaukia mgongoni, mwagia mchanganyiko huo upite mpaka nyuma. Kufuta juu peke yake hakutaondoa kitu.

Manjano ya pilau na mchuzi yanawatisha watu bure. Ukitia sabuni ya unga au magadi, doa la njano linageuka jekundu mbele ya macho yako. Usishtuke, hujaliharibu, bizari ya manjano ndivyo inavyofanya ikikutana na kitu chenye magadi. Suuza kwa siki iliyozimuliwa, wekundu utarudi kuwa njano, kisha uliache juani. Mwanga wa jua unaififisha rangi ya manjano vizuri kuliko sabuni yoyote niliyojaribu.

Nta ya mshumaa: igandishe kwa barafu ndani ya mfuko, uivunjevunje. Wanaopitisha pasi juu ya karatasi wajue kwamba polipropilini inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu, joto ambalo pasi nyingi zinafika.

Hina iliyokwisha kushika, samahani. Sogeza kochi.

Onyo. Jiki na siki visikutane, iwe kwenye ndoo moja au juu ya doa moja: vinatoa gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu. Tena jiki inaila sufu mpaka inakatika. Magadi pia yasiguse sufu.

## Hatua ya 6: Fua kwa sabuni kidogo

Vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwenye lita 10 za maji baridi au ya uvuguvugu mdogo. Najua unaona ni kidogo. Povu si kipimo cha usafi. Kila povu utakalolitengeneza utalitoa kwa maji, na lisilotoka litakaa kwenye nyuzi kama utando unaonata, likishika vumbi jipya. Ndiyo maana zulia lililofuliwa "vizuri sana" linachafuka upesi kuliko kabla halijafuliwa.

Lowesha uso kwa sehemu, nusu mita kwa nusu mita. Piga brashi kufuata manyoya, kisha mara moja kinyume, kisha umalizie kufuata. Sufu usiisugue kwa maji ya moto: itajibana na kuwa kama kofia ya filti. Usiloweke zulia lolote. Dakika 15 kutoka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho zinatosha.

Kama unalipeleka panapooshwa magari, mwambie kijana asogeze bomba la presha nyuma, umbali wa kama futi mbili. Karibu zaidi ya hapo linang'oa manyoya na kusukuma tope mgongoni.

## Hatua ya 7: Suuza mpaka maji yakubali

Elekeza manyoya yalalie upande wa mteremko. Mwaga maji juu, sukuma kwa ule mpira wa mpini kwenda chini. Mwaga, sukuma. Fanya na mgongo pia, hata kama hukuufua, maana sabuni imeshuka huko.

Jaribio langu: kinga maji yanayotiririka ukingoni kwenye chupa safi, ujaze nusu, uitikise kwa nguvu. Povu likikaa juu zaidi ya nusu dakika, bado. Watu wengi huacha kwenye ndoo ya nne au ya tano kwa sababu maji yanaonekana meupe. Weupe unaonyesha uchafu umeisha, sabuni bado ipo.

Ndoo ya mwisho tia kikombe cha siki kwa lita 20. Inamaliza ukali wa sabuni, na harufu yake yenyewe inapotea zulia likikauka. Kama ulitumia jiki popote, siki iache kabisa.

## Hatua ya 8: Kamua, na ukidhani umemaliza kamua tena

Hii ndiyo hatua inayoamua kama zulia litanuka au halitanuka.

Sukuma maji kwa mpira, kwa nguvu, kufuata manyoya, kutoka juu hadi chini. Hesabu mapito kumi kwa kila mstari. Geuza zulia, fanya hivyo mgongoni. Kisha likunje kama mkeka, kutoka juu kwenda chini ya mteremko, mtu mmoja akikaza na mwingine akikanyaga kwa miguu mitupu juu ya bando. Maji yatatoka kama umefungua bomba. Likunjue, likunje kutokea upande wa pili, kanyaga tena. Zulia lenye mgongo wa mpira au gundi usilikanyage hivyo. Kwa hilo sukuma tu, kisha likandamize kwa mataulo makavu, moja baada ya jingine.

Wanaofua mazulia kwa biashara wengine wana mashine ya kukamua inayozungusha zulia zima kama pangaboi. Kabla ya kuwapa lako, uliza swali hilo moja. Asiye na mashine ya kukamua ana uwanja na jua lile lile ulilo nalo wewe, isipokuwa yeye ana mazulia arobaini kwenye foleni.

Umefaulu ikiwa ukiinua ukingo, maji yanadondoka tone moja moja, hayatiririki.

## Hatua ya 9: Anika upepo upite pande zote mbili

Kulitundika ukutani ndilo kosa la kawaida. Upande unaogusa ukuta haupati upepo, na maji yote yanashukia pindo la chini, hapo hapo ukungu unapoanzia. Tumia nguzo mbili sambamba zenye nafasi ya futi mbili, zulia lipite juu ya zote kama paa, katikati pawe na hewa. Huna nguzo? Viti vinne migongo ikitazamana na ubao juu yake vinatosha.

Uso uwe chini kwanza, mgongo juani. Mgongo ndio mnene na ndio wa mwisho kukauka, na uso ukikaa kivulini rangi haipauki. Saa 4 hadi saa 10 geuza ncha kila baada ya saa mbili ili pindo la chini nalo lipande juu.

Jioni likiwa na unyevu bado, liingize ndani. Umande wa usiku pwani utakurudisha nyuma. Lipitishe juu ya viti, elekeza feni chini yake, iende usiku kucha.

## Hatua ya 10: Hakikisha limekauka kabla ya kulitandaza

Mkono unadanganya. Uso wa poliesta unakauka saa chache wakati shina limelowa.

Chukua mfuko wa plastiki angavu, ulaze mgongoni mwa zulia juani, bana kingo kwa mawe, ngoja nusu saa. Ukiona ukungu wa mvuke au vitone upande wa ndani, rudisha kuanika. Rudia katikati na kwenye kila pindo.

Wakati huo huo sakafu nayo iwe imekauka. Ukipiga deki na kutandika hapo hapo, umelirudishia zulia maji uliyoyatoa siku nzima.

Umefaulu ikiwa siku ya tatu, madirisha yakiwa yamefungwa tangu usiku, unafungua mlango asubuhi na hunusi kitu. Ukinusa uvundo kidogo, usifue upya kwa sabuni. Suuza kwa maji na siki, kamua, anika.

## Ukienda kununua

Nusu ya shida za kufua zinanunuliwa dukani. Kariakoo mazulia yamesimamishwa yamekunjwa, muuzaji anafungua robo, taa zinawaka juu, nawe unatazama ua. Mwambie alilaze chini.

Kunja zulia kwa nje kama unapasua kitabu, uangalie shina. Ukiona mgongo waziwazi kati ya mistari, ni chache nyuzi zake. Litasinyaa njiani na kwenye kiti cha baba kabla ya mwaka. Fikicha uso kwa leso nyeupe kavu, kisha yenye maji. Vuta manyoya: zulia jipya linatoa kidogo, lakini likikujazia kiganja, liache. Nusa mgongo. Harufu kali ya gundi dukani itakuwa kali zaidi chumbani.

Kwa nyumba ya pwani yenye watoto, mimi nachagua polipropilini iliyofumwa, manyoya mafupi. Uzi wake haunywi maji kabisa, kwa hiyo linakauka upesi kuliko mengine yote, na mengi ya Kituruki, yale yanayotengenezwa Gaziantep, ni ya aina hii. Kasoro yake ni kwamba miguu ya kochi ikishalibonyeza, shimo halirudi.

Poliesta ya manyoya marefu ni tamu kwa mguu, na ndiyo inayoniletea maswali mengi. Iweke chumbani, mahali ambapo hakuna anayekula. Sebuleni inameza makombo na hayaonekani mpaka panya wayaone.

Nailoni inasimama tena ikikanyagwa, inafaa njia ya kupita watu, ila haipatikani sana na bei yake inauma. Sufu ni ya Arusha, Iringa, Mbeya, Nairobi, penye baridi na hewa kavu kidogo. Inaweza kushika unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Fikiria hilo chumbani Mombasa mwezi wa Mei. Nondo nao wanaipenda.

Nyumba ya kufukiza udi kila Alhamisi ifikirie upya zulia lolote la plastiki. Kaa moja ikiruka kutoka kwenye chetezo inaacha shimo jeusi gumu kama kifungo. Sufu hapo ingeungua kidogo tu na kujizimia. Kama unashikilia plastiki yako, weka chetezo juu ya sinia pana.

Ukubwa nao: usinunue zulia ambalo watu wawili wa nyumbani hawawezi kulibeba likiwa limelowa. Futi 8 kwa 11 linapendeza mpaka siku ya kulipandisha kwenye nguzo. Mawili ya 5 kwa 8 yanafunika karibu eneo lile lile, na unafua moja huku jingine likiwa kazini.

Na kama unakatiwa kutoka kwenye roli, omba kipande cha pembeni kilichobaki, hata cha ukubwa wa kiganja. Nyuzi zake ndizo utakazochoma kwenye sahani, na siku kaa itakaporuka, ndizo utakazozibia shimo kwa gundi.